Mistari Isiyotoka Kwenye Karatasi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi ya leo haina adabu. Nimefika karakana na masweta mawili na bado vidole vilikuwa haviwezi kushika brashi. Si kwamba brashi ilihitajika!

Shamsudin ametangaza. Kuanzia tarehe moja Julai, karakana yake ya mabango haipaki tena rangi kwa mkono. Kila kitu kompyuta, kila kitu stika. Brashi zangu zimeingia kwenye boksi, boksi limeingia stoo. Na uzi wangu wa chaki — uzi niliopigia mistari nusu ya mabango ya mji huu, miaka ishirini na sita — ameutia kwenye droo ya meza yake. Anasema huo sasa ni wa makumbusho.

Halafu akanigeukia. Mama Asukile, anasema, nakupa lori moja. Fuso la mteja, Masanja, jina nyuma kwenye bodi. Lifanye kwa kompyuta mwanzo mpaka mwisho. Likitoka sawa, unabaki fundi. Likiharibika, unahamia kaunta kupokea wateja.

Kaunta! Mimi nikae kutwa nawachekea watu wanaoulizia bei na kuondoka. Afadhali nirudi Tukuyu nikachume chai.

Atakayenifundisha ni Kudra, mtoto wa kaka yake Shamsudin. Amemaliza chuo mwaka jana. Mpole, ila vidole vyake kwenye kompyuta ni kama kuku anadonoa mtama. Nilimwambia samaki mkunje angali mbichi, mimi wa miaka hamsini na moja nilishakauka zamani.

"Hata dagaa mkavu akilowekwa analainika, mama."

Haya. Nilowekwe.

Jumanne, 17 Juni

Programu inaitwa Inkscape. Asubuhi nzima nilikuwa nakimbizana na mausi. Naenda kulia, kenyewe kanaenda dirishani.

Lakini mchana — mistari ya mwongozo! Lazima niandike vizuri nisisahau. Kuna rula mbili, moja juu ya ukurasa, moja ubavuni. Unabonyeza kwenye rula, unavuta bila kuachia, na mstari unatoka. Rula ya juu inatoa mstari wa kulala, ya ubavuni inatoa wa kusimama. Mistari ni ya bluu. Ukiusogelea na mausi unakuwa mwekundu, kama mtu aliyeitwa jina lake mbele za watu. Ukimaliza nao, unaurudisha kwenye rula ulikotoka. Umekwisha. Hakuna kufuta na kitambaa, hakuna vumbi puani.

Ni uzi wa chaki kabisa! Tena hauhitaji mtu wa kushika ncha ya pili.

Na herufi zinanata. Unasogeza M, ikikaribia mstari inaurukia yenyewe na kutulia. Niliisogeza M ile mara ishirini kwa raha tu. Kufika alasiri nilikuwa nimevuta mistari thelathini na nane. Kudra akaja, akaangalia, akaweka mkono kiunoni: mama, hapa umesuka kitanda.

Nimerudi nyumbani nacheka. Sedekia, mume wangu, kaniuliza nani kafa akakurithisha.

Alhamisi, 19 Juni

Aibu ndogo ya leo. Nilipanga jina la duka kwa mazoezi, mistari sita ya mwongozo, kila herufi mahali pake. Nikaprinti. Karatasi ikatoka na herufi tu. Mistari haipo! Nikaprinti tena. Haipo. Nikamwita Kudra nikamwambia printa imeishiwa wino wa bluu.

Kumbe haitoki. Haikuumbwa itoke. Ni ya mpangaji peke yake, anasema Kudra, mteja haioni. Nikamwambia basi sisi wa zamani tulikuwa tunaifuta kwa jasho, ninyi inajifuta. Amenionyesha pia namna ya kuifunga isisogee, maana kuna mmoja niliukokota bila kujua na jina zima la duka likapanda juu.

Mchana alikuja Masanja mwenyewe. Kijana mrefu, anaongea taratibu. Wazazi wake walihama Usukuma na ng'ombe, wakashuka Usangu yeye akiwa bado mgongoni. Kwao ni Ubaruku. Hili ndilo lori lao la kwanza, litabeba mchele kuleta huku na nyanya za Ilula kupeleka mbali. Anataka nyuma iandikwe MAYU MINZA kwa njano.

"Mayu ni mama, kwetu," kasema. "Minza ndiyo jina lake. Anakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nane kuliona. Sijamwambia kama jina lake lipo."

Nikamwambia asimwambie. Jamani, nimelipenda hili lori kabla sijaliona.

Ijumaa, 20 Juni

Nimelipanga jina. Mstari mmoja chini ya miguu ya herufi, mmoja juu ya vichwa, na wa kusimama katikati kabisa. Kazi ilikuwa kwenye A na Y. Ukiziachia nafasi sawa na nyingine zinaonekana zimegombana, katikati kuna pengo la kupita mbuzi. Nikazisogeza kwa jicho, kidogo, kidogo tena. Kudra akasema kompyuta inasema nafasi hazilingani. Nikamwambia kompyuta haisomi, inapima. Akarudi nyuma, akaangalia kwa mbali, akakubali!

Shamsudin alipotoka kuswali Ijumaa alisimama nyuma yangu muda mrefu. Kwake hiyo ni sifa.

Tumekata stika. Njano yote iliyokuwepo imeishia humo, bunda la stika limebaki kigogo cha katikati tu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimebandika! Kwa mkono wangu.

Fuso lililetwa asubuhi, likaegeshwa uani. Nilitaka kuomba uzi wangu kwenye droo nipige mstari kutoka bawaba hadi bawaba, kama siku zote. Shamsudin akasema achana na hicho kiuzi. Akatoa mzigo mpya: pima maji ya leza. Kidude cha ngumi moja juu ya miguu mitatu. Ukikiwasha kinajitikisa, kinatulia, halafu kinatupa mstari mwekundu mpaka upande wa pili wa ua. Umenyooka, mwembamba, umelala juu ya bodi ya Fuso. Mstari wa mwongozo, nje ya kompyuta! Nilishika mdomo. Shamsudin alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

Kuna wakati niliona kama ukingo wa chini wa bodi unauacha ule mwekundu, unakwenda zake. Nikataka kusema. Nikaona nitaonekana bibi wa makumbusho. Nikasema ni macho yangu, nikabandika.

Masanja kalichukua saa kumi. Kapiga honi mpaka kona.

Jumapili, 22 Juni

Nimetoka kanisani nimekuta ujumbe. Picha. Fuso liko Ipogolo, kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, chini kule kulikosawazishwa kama meza. Na maneno ya Masanja:

"Mama shikamoo. Samahani. Mbona kama jina linashuka mlima?"

Linashuka. M ya kwanza iko juu, A ya mwisho iko chini. Mama wa watu anateleza kutoka kwenye lori la mwanawe.

Nimekaa kitandani na viatu vya kanisani. Sedekia kaichukua simu, kaigeuza huku na huku. Yeye ni fundi uashi, pima maji ndiyo Biblia yake ya pili. Kaniuliza lori lilikuwa limesimama wapi. Uani, nikasema. Uani kwenu kule, kwenye ule mteremko, magurudumu ya kushoto yakiwa upande wa korongo? Ndiyo.

Akaanza kucheka. Nilitaka kumpiga na kiatu.

"Mimi ukuta wangu hauondoki pale nilipoujenga," kasema. "Sasa wewe ulipima dunia, mwenzio akawasha gari akaondoka."

Ni kweli, na ndicho kinachouma. Mji huu uko juu ya kilima, hakuna ua ulionyooka kuanzia Mlandege mpaka Kihesa. Miaka ishirini na sita nimepima malori kutoka bawaba hadi bawaba kwa sababu hiyo hiyo. Nilijua! Nikaona mstari mzuri mwekundu, nikasahau kwamba lori lenyewe limeinama.

Kaunta. Naiona kabisa, na kile kiti chake kinachozunguka.

Jumatatu, 23 Juni

Shamsudin aliitazama picha, akasema stika imevutwa vibaya. Nikaifungua picha kwenye kompyuta, nikavuta mstari wa mwongozo mpaka chini ya M. Nikamwonyesha A ya mwisho. Iko chini ya mstari. Akasema labda mpigapicha alishika simu upande.

Hapo Kudra, Mungu ambariki, akaniambia mama, unaweza kuuinamisha. Sikujua! Unabonyeza mstari mara mbili, kinafunguka kidirisha, unaandika digrii unazotaka. Tukainamisha mmoja ukafuata ukingo wa bodi. Tukainamisha wa pili ukafuata miguu ya herufi. Mistari miwili ikaenda ikakutana pembeni kama mkasi. Bodi na jina haviko pamoja, na simu haihusiki.

Kudra akamgeukia baba yake mdogo, akasema kwa adabu kwamba leza ilikuwa sawa, ila lori ndilo halikuwa sawa. Nilidhani atafoka. Aliinuka, akasema anakwenda kunywa chai. Chai ilikuwa mezani kwake, inatoa moshi.

Nimejifunza na hili, limenifurahisha kuliko yote: unachora pembenne juu ya picha, palepale ilipo bodi, imeinama vilevile. Unabonyeza Shift na G. Pembenne inayeyuka, kingo zake zote zinabaki mistari ya mwongozo. Kwa hiyo mstari hautoki kwenye rula tu. Unaweza kutoka kwenye kitu chenyewe.

Nilifanya hivyo mara nne. Huzuni yangu huwa haina nidhamu, ikiona kitu kipya inakwenda kukichungulia.

Jumanne, 24 Juni

Stika ya njano mpaka wiki ijayo. Mama Minza Jumamosi hii.

Nimemfuata Shamsudin, nikamwomba brashi zangu. Akasema tulikubaliana hapa hatupaki tena. Nikamwambia basi amwambie Masanja mama aje kuona bodi tupu. Akachezea kalamu. Mwisho: fanya utakavyo, ila kompyuta iwemo, na mimi simo.

Brashi kanipa. Uzi hakuutaja, nami sikuuomba. Nina kichwa kigumu, nimerithi kwa mama.

Alhamisi, 26 Juni

Kazi tamu! Niandike yote.

Fuso limerudi uani, kwenye mteremko uleule. Stika nimeibandua kwa maji moto, pole pole. Nikapima bodi kwa futi: urefu, kimo, bawaba ziko wapi. Vipimo vyote nikaviingiza kwenye Inkscape. Mstari mmoja wa kusimama kwa kila bawaba, mmoja wa kulala kwa ukingo wa chini. Halafu jina katikati yao. Hapo mistari ni ya lori, si ya ukurasa wala ya dunia.

Na kwa kuwa najua sasa kwamba mistari haitoki kwenye karatasi, nilichora juu yake mistari halisi, myembamba, ile ya muhimu tu. Nikaprinti vipande kumi na vinne, nikaviunga kwa gundi ya karatasi. Kudra alishika upande mmoja, mimi upande mmoja, kama watu wanaokunja shuka. Nikatoboa kingo za herufi kwa sindano. Nikabandika karatasi kwenye bodi, mistari yake juu ya bawaba, nikagongagonga kwa soksi yenye vumbi la mkaa. Tukabandua.

MAYU MINZA, kwa vidoti vyeusi, imekaa kwenye bodi kama ilizaliwa nayo.

Kudra hakuwahi kuona. Alisema aisee mara sita, nilihesabu. Akaomba agonge na yeye. Kamwaga mkaa kwenye kiatu chake cheupe, hakujali.

Mkono wa kwanza wa rangi umeshapita. Baridi ilikuwepo ila sikuiona mpaka nilipomaliza.

Shamsudin alipita mara tatu akielekea stoo. Stoo hakuna kitu.

Ijumaa, 27 Juni

Mkono wa pili. Imekauka. Njano safi kabisa.

Nikitembea kurudi nyumbani nimeona bango la duka la dawa pale kona, D imeshuka kidole kizima. Macho hayana pazia. Kichwani nikavuta mstari wa bluu kutoka angani, nikauweka chini yake. Sasa nafanya hivyo kwa kila bango, Sedekia anasema naongea peke yangu njiani.

Kesho saa tatu, Ipogolo, kwenye uwanja uliosawazishwa. Shamsudin kasema anakuja. Anakuja na leza.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika nimekaa kwenye jiwe, pembeni ya kituo cha mafuta, Fuso liko mbele yangu. Kuna muda. Nitaeleza kwa nini.

Tumefika mapema, mimi na Kudra. Shamsudin kaja na kanzu na koti juu yake, kidude cha leza kwenye begi. Hakukiwasha. Alizunguka nyuma ya lori, akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja. Akaenda hatua tano tena.

Basi la Mbeya likasimama. Akashuka mama wa umbo dogo, shuka begani, kitenge kipya, mgongo umenyooka kuliko wangu. Masanja kamshika mkono mpaka nyuma ya lori. Mama katazama. Kasema lori ni zuri, limeandikwa nini?

Hasomi. Masanja katazama chini. Basi nikamwamkia, nikamwomba kidole chake. Nikakiweka chini ya M ya kwanza, tukatembea naye polepole kufuata miguu ya herufi, mimi nataja: Ma-yu. Mi-nza. Kidole hakikupanda wala hakikushuka. Kilikwenda juu ya mstari ambao haupo.

Akasimama kwenye A ya mwisho. Halafu: "Mimi huyo?"

"Wewe mayu," kasema Masanja.

"Wabeja," kasema, asante ya kwao. Wabeja tena. Akafuta macho kwa pembe ya shuka. Mimi pia. Kudra alikuwa anajifanya anasoma simu.

Nilidhani yameisha. Mama kageuka, katuangalia wote kama watoto waliosahau kitu dukani.

"Na Mihayo je? Mimi nitatembeaje barabarani peke yangu, mpaka huko mbali? Mwandikeni na mume wangu."

Mihayo ni baba yake Masanja. Amefariki mwaka wa sita sasa. Na lori linaondoka leo hii jioni na mzigo.

Hakuna kompyuta hapa, hakuna karatasi, hakuna njano. Nilimwangalia Shamsudin. Nilijua atasema nini: wiki ijayo, stika ikija. Na uwanja huu umenyooka, leza yake hapa ingefanya kazi bila kosa. Yeye anajua, mimi najua.

Akamtuma Kudra apande bodaboda, akalete brashi na kopo la njano. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Akatoa uzi wangu wa chaki.

Alikuja nao! Ulikuwa mfukoni tangu asubuhi, kabla mama hajasema neno. Umekunjwa vizuri, hata mimi sijawahi kuukunja hivyo.

Hakusema samahani. Hajasema kitu kuhusu kaunta, na tarehe moja Julai ni Jumanne. Mimi simuulizi. Begi la leza liko chini, limefungwa.

Mama Minza amekaa karibu yangu, ananigawia karanga, ananiuliza naandika nini. Nimemwambia mambo yangu. Kasema niandike na yeye. Nimemwandika, mayu.

Bodaboda hiyo inashuka. Kudra, kopo mkononi. Shamsudin ameshachuchumaa nyuma ya Fuso, kanzu kaikusanya magotini, ncha ya uzi ameibana kwenye bawaba ya kushoto kwa kidole gumba. Ananiita. Anasema Mama Asukile, uzi umelegea, njoo uvute kwako.